Glasi ya Jumamosi

Mwaka huu watu wawili wamenieleza jinsi Rubani alivyokufa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Wa kwanza, mwalimu mstaafu ninayeketi naye kanisani, alisema ndege yake ilitunguliwa na adui juu ya ziwa. Wa pili, muuza vipuri wa karibu na soko, alisema alikuwa amelewa. Niliwauliza wote wawili swali moja: "Nani alikuambia?" Mwalimu akajibu kwamba ni jambo linalojulikana. Muuza vipuri akajibu kwamba alilisikia kwa baba yake. Jambo linalojulikana lakini halina anayelijua, na baba ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanja cha ndege: kwa mashahidi wa namna hiyo, hakimu mwenye akili asingemtia hatiani hata mbuzi.

Nilikuwa mpima hali ya hewa katika kiwanja cha ndege cha Dodoma. Kila saa nilitoka ofisini, nikasoma vipimajoto, nikatazama mawingu na mfuko wa upepo, kisha nikarudi kuandika nilichokiona. Nilichodhani hakikuwa na nafasi katika daftari lile. Kwa miaka tisa nilimwona Rubani karibu kila siku ya kazi, na haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona au niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Palipo na jambo nililopata kwa mtu mwingine, nitasema.

Kuhusu kifo chake nayajua machache. Alikuwa raia, hakuvaa sare ya jeshi hata siku moja. Vita vya Kagera vilipoanza, marubani wa kijeshi walihitajika mbele, na raia wachache wenye uzoefu waliombwa wakafundishe vijana kurusha ndege ndogo. Alikwenda. Asubuhi moja yeye na mwanafunzi wake walikuwa katika mazoezi ya kutua. Ndege ikaanguka kando ya uwanja, na wote wawili wakafa. Hayo yaliandikwa katika barua ambayo mkewe alinipa niisome, nami niliisoma mara mbili. Sababu haikuandikwa. Siijui, na sitaitunga.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega membamba, na asubuhi za kipupwe alivaa sweta zito la rangi ya majivu lililofumwa na mkewe. Alitembea mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mfukoni hakukosa kipande cha kitambaa cha kufutia kioo cha ndege, na kwa kitambaa hichohicho alifutia miwani yangu bila kuniomba ruhusa, akisema hawezi kuamini vipimo vya mtu anayetazama dunia kupitia vumbi.

Ndege aliyoirusha ilikuwa ya injini moja. Ilibeba madaktari, wauguzi na dawa kwenda katika vijiji vya mbali ambavyo wakati wa masika havikufikika kwa gari, na wakati mwingine ilirudi na mgonjwa. Kabla ya kuruka aliizunguka mara tatu. Mzunguko wa kwanza alitazama, wa pili aligusa, wa tatu aliinama na kuchungulia chini ya tumbo lake. Alikinga mafuta kidogo katika chupa, akayainua juani kutazama kama yana maji, akayanusa. Daktari mmoja aliyekuwa na haraka alimwambia siku moja, "Rubani, mbona jana uliikagua?" Akajibu bila kugeuka, "Na jana tulifika."

Hakuomba kabla ya kuruka, jambo lililowakera wauguzi waliokuwa wamezoea sala kabla ya kila safari. "Mungu hakagui mafuta," aliwaambia. "Hiyo kazi aliniachia mimi." Lakini kila aliporudi na abiria wakaondoka, alisimama peke yake mbele ya ndege, kiganja juu ya pua ya ndege hiyo iliyokuwa bado na joto, kimya, kwa muda unaotosha kusema sala fupi. Sikumuuliza alikuwa akisema nini. Naandika tu kwamba alisimama, na kwamba hakuacha kusimama.

Tulikuwa watani. Mimi ni Mgogo na yeye alikuwa Mhehe, na utani wa makabila haya mawili hauhitaji maelezo kwa msomaji wa hapa. Alipoingia ofisini kwangu nilimwambia tarishi kwa sauti, "Mfunge mbwa wako, Mhehe amefika na njaa." Naye aliketi juu ya meza yangu, akachungulia daftari la mvua lenye sufuri kurasa nzima, akasema, "Nyinyi mvua mnaisikia redioni. Serikali inakulipa wewe mtu mzima kuandika sufuri." Alipokula kwangu ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokipenda kuliko nilivyokipenda mimi, alilalamika kwamba mlenda hauna breki, unatua tumboni bila kuomba ruhusa. Nje ya utani sikumsikia akisema uongo hata wa adabu. Ndani ya utani alidanganya kwa ustadi wa kutisha, na uso haukucheka.

Watu hudhani rubani haogopi kitu. Huyu aliogopa basi. Safari moja tulikwenda pamoja Mpwapwa, yeye kumwona fundi wa redio, mimi kukagua kipimamvua cha kituo cha mifugo. Pale stendi alilizunguka basi, akabonyeza kila tairi kwa kidole gumba, akachungulia chini. Kondakta alimtazama weee, kisha akasema, "Bwana mkubwa, unataka kulinunua?"

"Tairi hili la nyuma lina uvimbe."

"Hata mimi nina uvimbe, na nafanya kazi."

Abiria wakacheka. Rubani akapanda, akaketi karibu na mlango, akafumba macho mpaka Mpwapwa. Njiani nilimuuliza inakuwaje mtu wa mawinguni aogope barabara. Alinijibu macho yakiwa yamefumbwa: "Kule juu najua nani amekagua."

Alikuwa na msemo alioutumia kwa kila jambo, tangu ndoa za watu hadi siasa: "Kupaa si kazi. Hata vumbi la Dodoma hupaa. Kazi ni kutua." Nilimwona akimwambia hivyo bwana harusi mbele ya bibi harusi, na mkewe akamfinya.

Viwanja vya vijijini vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa na wanavijiji wenyewe. Kabla ya kutua, alivizunguka mara mbili ili wachungaji wapate nafasi ya kuondoa ng'ombe. Kijiji kimoja, kilipopata habari kwamba ndege italeta mganga mkuu, kilijiandaa kama kinavyojiandaa kumpokea mgeni yeyote wa heshima: kikajenga lango la matawi na maua. Likajengwa katikati ya uwanja, ili ndege ipite chini yake huku watu wakipiga vigelegele pande zote mbili. Rubani alizunguka mara mbili, mara tatu, mara tano. Kule chini waliona anafurahia mapokezi, nao wakazidisha ngoma. Mwishowe aliandika karatasi, akaitia ndani ya kiatu chake, akakidondosha. Habari ya kiatu naijua mimi mwenyewe, kwa kuwa jioni ile nilimwona akishuka Dodoma amevaa kimoja tu. Karatasi niliisoma baadaye ofisini kwa mwalimu mkuu wa kijiji hicho, ambaye alikuwa ameiwekea fremu. Iliandikwa kwa mwandiko wa Rubani wa kulalia kushoto: "Asanteni kwa lango. Mimi si gari. Liondoeni, nami nitapita kwa miguu." Mwalimu mkuu alinihakikishia kwamba walilihamishia kando, na kwamba Rubani alipotua alilipita kweli kwa miguu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akimshika mganga mkuu mkono. Hili la mwisho ni la mwalimu mkuu. Namwamini, ila naliweka upande wake.

Sasa nifike kwenye pombe, maana ndiko wasemaji walikopatia mbegu ya uvumi wao.

Rubani alikunywa. Alikunywa mvinyo wa zabibu wa hapahapa Dodoma, siku za Jumamosi alasiri, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba yake, kando ya barabara ya kiwanjani, kila mpita njia akimwona. Glasi moja, mara chache mbili. Mzee mmoja wa kanisa lake alimshauri walau anywe ndani. Alikataa. "Nikijificha nitakunywa zaidi," alisema. Sheria yake ilikuwa moja: akionja hata tone, haingii kwenye ndege mpaka jua lizame na kuchomoza tena. Kwa sababu hiyo alichagua Jumamosi, siku ambayo ratiba haikuwa na safari.

Jumamosi moja ya masika, kama miaka miwili kabla ya vita, nilikuwa zamu. Alasiri hiyo ujumbe wa redio uliingia kutoka kijiji kimoja cha magharibi, nyuma ya mbuga: mwanamke alikuwa na uchungu tangu usiku uliotangulia, mtoto amekaa vibaya, mkunga ameshindwa. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Daktari aliyeupokea ujumbe pamoja nami alitoka mbio kwenda nyumbani kwa Rubani, nami nikamfuata.

Tulimkuta kwenye kiti chake. Daktari alieleza huku akihema. Rubani alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama glasi iliyokuwa chini kando ya mguu wake, akasema, "Siwezi."

"Glasi moja!" akasema daktari.

"Moja na nusu."

"Rubani, mwanamke atakufa."

"Nikiwapakia wewe na muuguzi nikiwa hivi, nitakuwa nimeamua kwamba sheria ni ya siku ambazo hakuna mtu anayekufa. Siku hizo sheria haina kazi."

Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kupima dakika chache zilizopita. Nikamwambia, "Mtani, hewa ni nzuri. Upepo hakuna. Mawingu yako juu sana, vilima vya mbali vinaonekana."

Alinitazama. "Hewa haikunywa," akasema.

Daktari alimtukana. Sitaandika alichosema, maana alikuwa mtu mwema na alijuta baadaye. Likatumwa gari la hospitali, likakwama mbugani. Asubuhi, jua lilipotoa ukingo wake, Rubani alikuwa amekwisha kuzunguka ndege mara tatu. Waliruka. Mwanamke alikuwa amekufa kabla ya mapambazuko, na mtoto tumboni.

Nilitazamia kwamba baada ya hapo angeacha mvinyo. Hakuacha. Jumamosi iliyofuata aliketi pale pale, na glasi yake, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanakwenda kwa mama mkwe na sokoni. Wengi waliacha kumsalimu. Mimi nilikwenda kumuuliza, kwa sababu sikupenda kuuliza wengine.

"Nikiacha," alisema, "watu watasema glasi ndiyo iliyomkataa yule mama. Glasi haikumkataa mtu. Niliyemkataa ni mimi."

Sikukubaliana naye, na sasa pia sijui kama nakubaliana. Niliandika sufuri zangu, naye akaendelea kuruka, na wagonjwa wengi walifikishwa hospitali na mikono yake. Hao hawasemwi na mtu, kwa kuwa walipona.

Siku aliyoondoka kwenda kufundisha, alikuja ofisini asubuhi na begi la turubai. Alikuwa anakwenda kwa treni. Kwanza aliuliza upepo.

"Unapanda treni," nikamwambia. "Upepo wa nini?"

"Dereva wa treni haulizi. Acha nimuulizie."

Nikampa: kusini-mashariki, wa wastani. Akaketi juu ya meza yangu kama kawaida. Nilimwambia yale ambayo mkewe alikuwa ameniomba nimwambie: kwamba umri wake ulimruhusu kukataa, kwamba hapa palikuwa na kazi, kwamba hakuna mtu angemlaumu.

"Shemeji yako amekutuma," alisema.

"Amenituma. Lakini na mimi nasema."

"Wanafundishwa haraka mno, Mtani. Mtoto wa mtu anapewa wiki chache, anaambiwa ruka. Mtu aliyefundishwa haraka hufa haraka. Mimi siendi kupigana. Naenda kumwambia kijana mmoja mmoja: rudia, zunguka tena, bado. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza, kusema bado."

Kisha alishuka mezani. Alikitoa kile kitambaa chake, akachukua miwani yangu usoni, akaanza kuifuta. Nikiwa simwoni vizuri, akasema, "Kuna jambo sijamwambia mtu. Yule mama wa kule mbugani. Ningefika."

Aliendelea kuifuta miwani.

"Nimerusha safari ile kichwani mara nyingi, na ile glasi na nusu tumboni. Ningefika, ningetua, ningerudi naye. Watu wanaonitetea husema pengine ningewaua wote. Si kweli. Nilikuwa najua hata siku ile, nimeketi pale kwenye kiti, kwamba ningefika."

"Na bado ulikataa."

"Na bado nilikataa." Akanirudishia miwani. "Kaa salama, Mtani. Mvua ikinyesha uniandikie, nije nione."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai.

Mwili ulifika Dodoma ndani ya jeneza lililofungwa. Mafuta ya gari yalikuwa haba wakati huo, na kumpeleka hadi kwao milimani hakukuwezekana, kwa hiyo mkewe akaamua azikwe hapa. Uvumi ulifika kabla ya jeneza. Ulisema ndege imeanguka asubuhi, hewa nzuri, hakuna adui karibu. Na kwa kuwa mji mzima ulikuwa umeiona glasi yake, mji mzima ukajipatia sababu. Siku moja kabla ya mazishi, wazee wawili wa kanisa lake walimwendea mjane. Walimwambia kwa upole kwamba kaburi litachimbwa na watu watakuja, lakini kama marehemu alikufa na roho ya mwanafunzi mikononi mwake kwa sababu ya ulevi, wao hawawezi kumwimbia wala kumwombea kama muumini. Walitaka mtu mwenye ushahidi. Hawakuwa na ushahidi wao, ila hilo halikuwasumbua.

Mjane aliniita uani, mbali na wanawake waliokuwa wakipika.

"Shemeji, wewe ulikuwa naye kila siku. Mimi nikisema, wataona natetea nyumba yangu. Kesho simama useme."

"Niseme nini? Sikuwapo kule."

"Sema ya ile Jumamosi."

Nilikuwa nimeifikiria tangu uvumi uliponifikia. Nilimwambia ukweli: "Ile itamsafisha upande mmoja na kumchafua upande wa pili. Nusu ya watu hawaijui. Utawaambia kwamba mumeo alimwacha mwanamke afe."

Alijifunga kanga upya kiunoni. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi.

"Mchafue kwa la kweli," akasema. "Watoto wangu wataweza kuishi nalo. Hili lingine hawataliweza, kwa sababu halina mwisho."

Sijawahi kufanya utani makaburini. Wengine wa kwetu wana kipaji hicho: hulala njiani jeneza lisipite, huigiza marehemu, huwachekesha wafiwa mpaka machozi ya kilio na ya kicheko yachanganyike. Mimi sina kipaji hicho, na uso wangu haunisaidii. Lakini mtani ana haki ambayo wazee wa kanisa hawana: anaweza kumsema maiti vibaya mbele ya watu wote, na hakuna wa kumzuia.

Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, nilitoka katika mstari. Nikaweka mikono nyuma. Nikalizunguka jeneza mara moja nikitazama. Nikalizunguka mara ya pili, nikibonyeza pembe zake kwa kidole gumba. Wa kwanza kucheka alikuwa yule kondakta wa basi la Mpwapwa. Sikujua kwamba amekuja. Mara ya tatu nikainama, nikachungulia chini, nikauliza kwa sauti yake, "Mafuta yamepimwa?" Hapo wanawake walicheka huku wakilia, na mjane akajifunika uso.

Mzee mmoja wa kanisa akanisogelea. "Bwana, mahali hapa si pako."

"Ni pangu," nikamwambia. "Mimi ni mtani."

Kisha nikasema. Nilisema kwamba Mhehe huyu alikuwa mtu mgumu, mchoyo wa ndege kuliko mchoyo wa chakula. Nilisema siku, saa na hali ya hewa: upepo hakuna, mawingu juu, vilima vinaonekana. Nilisema mwanamke alikuwa anakufa na daktari akimsihi, na mtu huyu akakataa kuingia katika ndege kwa sababu ya glasi moja na nusu. Nikawauliza: mtu aliyemkataa mama mwenye uchungu kwa glasi moja na nusu, mnasema aliingia na mtoto wa watu ndani ya ndege akiwa amelewa? Mwenye kujua hivyo na ajitokeze, aseme nani alimwambia.

Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Watu walikuwa wakitazamana, na wengi wao, kama nilivyotabiri, walikuwa wanaisikia habari ile kwa mara ya kwanza. Niliona nyuso zikibadilika, na si zote zilibadilika kwa upande wa kumsamehe.

Kutoka nyuma, sauti ya Kiswahili kilichojaa Kigogo ikasema, "Anayesemwa ni mke wangu."

Watu wakampisha. Alikuwa mfugaji mrefu, ndevu zikianza mvi, masikio yametogwa kwa desturi ya kale, shuka begani na fimbo mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuja mpaka ukingoni mwa kaburi, akalitazama jeneza, si sisi.

"Asubuhi ile alikuja na ndege yake," akasema. "Alishuka wa kwanza. Aliniuliza, wewe ndiye mume? Nikasema ndiye. Akasema, jana niliitwa, sikuja, nilikuwa nimekunywa. Hakuna mtu aliyemlazimisha kusema. Angesema mvua, ningeamini." Akaegemea fimbo yake. "Sijamsamehe. Nimekuja kuona kama kweli amekufa. Lakini nikisikia hapa watu wanasema alirusha ndege amelewa, hapana. Huyu, hapana. Kama angekuwa mtu wa kuruka amelewa, mimi ningekuwa na mke."

Aliinama, akachukua udongo, akautupa kaburini kabla jeneza halijashushwa, jambo lisilo la kawaida, na hakuna aliyemsahihisha. Wazee wawili wa kanisa walinong'onezana. Kisha yule aliyekuwa amenizuia akafungua kitabu chake cha nyimbo, akataja namba, na watu wakaimba.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwa wafiwa. Yule mfugaji alikuja pia, lakini hakuingia uani. Alisimama kwenye uzio, nami nikamfuata, nikamwamkia kwa lugha yetu, "Mbukwenyi," naye akaitikia.

"Wewe ndiye Bwana Hewa," akasema. "Naomba nikuulize. Yule mtu aliwahi kumsema mke wangu, baada ya pale?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza pia kusema kwamba alijuta, neno ambalo Rubani hakulitumia. Nilikuwa nimesimama makaburini nikidai ushahidi kwa watu wengine.

"Alimsema," nikamjibu. "Siku aliyoondoka."

"Alisemaje?"

"Alisema angefika. Kwamba hata siku ile alijua kwamba angefika."

Hakunitazama. Alikuwa akiitazama barabara ya kiwanjani, iliyokuwa nyeupe kwa jua.

"Miaka hii yote watu wananiambia asingefika," akasema. "Wananiambia kulikuwa na upepo, kulikuwa na mawingu. Wanataka nilale. Mimi nilikaa pale uwanjani tangu alasiri, nimewasha moto wa moshi ili aone upepo unakotoka. Moshi ulipanda wima."

"Upepo haukuwapo," nikasema. "Nilipima."

"Najua haukuwapo."

Mjane alikuwa amemwona. Alitoka uani akiwa ameshika sahani ya wali iliyofunikwa, akaja moja kwa moja mpaka pale kwenye uzio, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba. Karibu chakula."

"Marahaba." Akaitazama sahani, akamtazama na yeye. "Chakula cha nyumba hii sitakula, mama. Usinichukie."

"Sikuchukii, baba."

Fimbo akaihamishia mkono wa pili.

"Maji nitakunywa," akasema.

Mjane akanipa mimi sahani niishike, akarudi ndani, akaja na kikombe cha bati kilichojaa mpaka mdomoni. Mfugaji alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, bila kupumzika, akakirudisha kwa mikono miwili, kisha akashika njia ya kwenda kunakosimama malori ya magharibi.